Miaka 6 ya maumivu ya mgongo: nilichofanya baada ya dawa, mkanda na sindano kugoma

Kobe Mzee (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Huu uzi nimeuahirisha karibu mwaka mzima. Kila nikianza kuandika najiambia ngoja kwanza, usije ukatangaza umepona halafu kesho ukaamka umekakamaa kama ubao. Leo nimeamua. Ni mrefu, asiyependa kusoma apite tu, hatutagombana.

Nina miaka 41. Mgongo ulinianza nikiwa na 33, chini kabisa, usawa wa mkanda wa suruali, upande wa kulia. Nilikuwa nainua ndoo ya maji, ndoo ileile niliyoizoea kila siku. Nikasikia "kap", au nilidhani nimesikia, nikabaki nimeinama vilevile mpaka mtu akaja kunishika. Wiki 2 kitandani. Ikapungua, ikarudi, ikapungua, ikarudi na kuhamia kabisa.

Mwezi wa nne nikapigwa MRI, ile picha ya kuonyesha ndani ya mwili. Ripoti ikasema diski mbili za chini, yaani vile vimto vilivyo kati ya pingili, zimetokeza na pingili zimeanza kuchakaa. Daktari, na naamini alikuwa na nia njema, akaniambia: "Huu mgongo ni wa mtu wa miaka 60. Usiiname ovyo, usibebe kitu kizito tena." Nikatoka pale natembea kama nimebeba kioo kichwani.

Maisha yaliyofuata mnayajua mlio humu kwa sababu hiyohiyo. Soksi nilivaa nikiwa nimelala chali, mguu nauvuta juu kwa taulo. Kijiko kikianguka nilikuwa nakisukuma kwa kidole cha mguu mpaka ukutani, halafu nashuka nacho taratibu huku nimeshika ukuta. Mikanda ya mgongo nilikuwa nayo mitatu, mmoja wa kazini, mmoja wa safari, na mmoja wa kulalia ambao hata mke wangu aliuchukia. Godoro gumu, halafu laini, halafu sakafu. Vidonge mpaka tumbo likalalamika. Sindano ya mgongoni ikanipa wiki 3 za raha kisha kimya. Mazoezi 14 kwenye karatasi, niliyoyafanya kwa hofu, nikihesabu huku nasikilizia kama kuna kitu kitakatika.

Mtoto wangu wa mwisho nilimpakata tu. Akiniona nimesimama haombi kubebwa, alishajua. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mgongo wenyewe.

Kilichogeuza mambo ni daftari. Kuna mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, aliniambia niandike kila siku: saa ngapi imeuma, kiasi gani kati ya 0 na 10, nilikuwa nafanya nini. Lengo lilikuwa nijue vya kuepuka. Nikaandika wiki 3. Nilipokaa kusoma nikaona mambo ambayo hayakuingia akilini.

Jumapili jioni, saa 11 hadi saa 2 usiku, 7 au 8. Kila Jumapili. Na Jumapili sifanyi kazi yoyote, nimekaa tu.

Kiti cha ofisini, 6 baada ya dakika 20. Nyumbani ninacho cha aina ileile, kimetoka kiwanda kimoja na kile. Nimekikalia saa 3 naangalia mpira, 1.

Halafu usiku mmoja mtoto alipata homa kali, tukakimbia naye. Nilimbeba ngazi tatu juu na kusimama naye mikononi karibu nusu saa. Sikusikia chochote. Niliandika 0 nikaizungushia duara. Kesho yake nimeinama kuokota kalamu, mgongo ukafunga. 8.

Sasa niambieni. Diski gani hiyo inayojua leo ni Jumapili?

Naendelea chini, msinikatize kwanza.

Mgonjwa Mzoefu

Nimeweka kambi. Hiyo ya kijiko na ukuta nilidhani nafanya peke yangu duniani.

Tomaso

Kukatiza nitakatiza tu. Nahisi harufu ya "maumivu yako yako kichwani". Nimeambiwa hivyo na watu wawili waliosoma na nilitoka nikitaka kupiga mtu. Mimi sijifanyi. Usiku nalia. Endelea ila najua unakoelekea.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Mkuu Tomaso, hasira yako ni halali na mimi nilikuwa nayo. Nitakujibu kwanza wewe.

Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, liliandika habari ya fundi ujenzi wa miaka 29 aliyeruka akatua juu ya msumari wa sentimita 15. Ukapenya soli ya buti ukatokeza juu. Akafikishwa hospitali akiwa hoi, ukiugusa msumari kidogo tu anapiga kelele, ikabidi wamchome dawa kali za maumivu na za kumtuliza ndipo wauchomoe. Walipovua buti wakakuta msumari umepita katikati ya vidole. Mguu haukuwa na hata mkwaruzo.

Yule fundi hakuwa anaigiza. Aliumia kweli, mwili mzima ulishuhudia. Ila maumivu yalitengenezwa na ubongo kwa kutumia ushahidi uliokuwepo: msumari, buti, macho. Ubongo ukahukumu kwamba kuna hatari, ukapiga king'ora. Na kinyume chake kipo, askari anapigwa risasi vitani anagundua baadaye akiwa salama. Maumivu yote yanatengenezwa hivyo, hata ya mguu uliovunjika kweli. Hata chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, kilisema ni hali isiyopendeza ya hisia na ya moyoni inayohusiana na madhara ya mwili au inayofanana na ile ya madhara. Hapo kwenye "inayofanana" ndipo niliposimama mimi nikasoma mara tatu.

Kwa hiyo sisemi yako kichwani. Yako mgongoni, unayasikia mgongoni. Ninachosema ni kwamba king'ora kinaweza kulia na hakuna moto, na masikio yakaumia vilevile.

Wazee walishasema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mgongo wangu ulitafunwa mara moja, siku ya ndoo. Inawezekana kabisa siku ile kulikuwa na jeraha la kweli. Lakini misuli na kano hupona kwa wiki au miezi. Mimi niliendelea kushtukia unyasi miaka 6.

Tomaso

Na MRI yako je? Diski zimetokeza. Huo ni unyasi au nyoka?

Kobe Mzee (mleta uzi)

Hapa ndipo niliposhtuka zaidi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao HAWAUMWI mgongo hata kidogo. Katika wenye miaka 20, asilimia 37 diski zao zilikuwa zimeanza kuchakaa. Miaka 40, asilimia 68. Miaka 80, asilimia 96. Diski zilizotokeza kwa watu wa miaka 40 wasioumwa: nusu yao. Yaani ukichukua watu wawili wa rika langu wanaocheza mpira Jumamosi wakirukaruka, mmoja ana picha inayofanana na yangu na hajui.

Laiti ningeambiwa siku ile, "umeanza mvi za mgongo", ningecheka nikaenda nyumbani. Nikaambiwa nina mgongo wa miaka 60.

Mchua Misuli

Salaam wote. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, miaka 15 kazini, kwa hiyo mniruhusu niweke breki kidogo kabla watu hawajachoma ripoti zao.

Anachosema Kobe kuhusu picha ni sahihi, na sisi wenyewe tunapaswa kuacha lugha ya "mgongo umekwisha". Lakini kuna migongo ambayo haisubiri daftari. Ukiona ganzi sehemu za siri au mapajani pale unapokalia tandiko, mkojo umegoma kutoka au unatoka bila kujua, choo vilevile, mguu unalegea kadiri siku zinavyokwenda, hiyo ni dharura ya leo, si ya kesho. Homa na jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, historia ya saratani, kuanguka vibaya, mifupa dhaifu au matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, maumivu ya usiku yasiyojali umelalaje: kapimwe. Kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo, msisahau. Tena kuna kijana anayeamka amekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi na akitembea anapata nafuu, huyo naye ana ugonjwa wake wa baridi yabisi unaotafutwa kwa vipimo.

Hao ni wachache. Kwa wagonjwa karibu 9 katika 10 hatupati chanzo kimoja cha kukionyesha kidole. Ila huwezi kujua uko kundi gani kwa kusoma uzi.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Asante sana mkuu, na mtu asiendelee kusoma yangu kabla ya hiyo ya Mchua Misuli. Mimi nilikuwa nimeshachunguzwa na madaktari watatu kabla sijaanza haya.

Sasa nilichofanya. Nilikutana na habari za utafiti uliofanyika Boulder, Colorado, Marekani, ukachapishwa mwaka 2021 kwenye jarida la kitabibu la JAMA Psychiatry. Watu 151, wastani wameumwa miaka 10. Kundi moja likapewa tiba ya kuufundisha ubongo upya kuyatafsiri maumivu, vikao 8 kwa wiki 4 pamoja na kikao kimoja na daktari. Kundi la pili likachomwa sindano ya maji ya chumvi mgongoni, wakaambiwa wazi kwamba haina dawa. La tatu likaendelea na matibabu yake ya kawaida. Mwishoni, asilimia 66 ya kundi la kwanza walikuwa wanajipa 0 au 1 kati ya 10. Sindano ya maji asilimia 20, wa kawaida asilimia 10. Mwaka mmoja baadaye wengi walikuwa bado vizuri.

Sikuwa na mtaalamu wa tiba hiyo. Nikaanza mwenyewe na daftari langu, baadaye nikapata mwanasaikolojia niliyekutana naye mara 6 hivi. Mambo yalikuwa matatu na hayakuwa na uzito sawa.

La kwanza ni kukusanya ushahidi. Ukurasa wa nyuma wa daftari niliandika kila tukio lisiloendana na "mgongo umeharibika". Kiti cha ofisini na cha nyumbani. Ngazi tatu na mtoto. Jumapili. Siku niliyopigiwa simu kwamba mkuu wangu wa kazi kahamishwa, mgongo ukatulia siku 4. Siku moja maumivu yalihamia kushoto, yakakaa huko wiki nzima, yakarudi kulia. Yalifika matukio 23. Maumivu yakija usiku nawasha tochi nasoma ule ukurasa.

La pili ndilo kubwa, na ndilo gumu kulieleza bila kuonekana mganga wa kienyeji. Kuyatazama maumivu. Nakaa kwenye kiti kilekile cha ofisini, kile kinachouma, baada ya wenzangu kutoka. Mikono mapajani. Sijikazi, mkanda nimevua. Maumivu yanakuja kama kawaida baada ya dakika 20. Zamani hapo ningesimama, ningejinyoosha, ningemeza kitu. Sasa nayaangalia kama unavyotazama mvua ukiwa ndani. Yako wapi hasa? Kulia, ukubwa wa ngumi. Ni moto au ni kubana? Ni kubana. Yana kingo? Nikitafuta kingo sizipati. Yanapanda? Yanashuka? Na muda wote najiambia kwa sauti ya chini, kama unavyombembeleza mtoto aliyeota ndoto mbaya: hapa hakuna hatari, mgongo mzima, huu ni mlio tu.

Siku ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili, hasira. Siku ya tano, sitaisahau, nilikuwa naitafuta ile ngumi nikakuta imekuwa ndogo kama kifungo cha shati, halafu ikahamia kwenye nyonga, halafu nikawa naitafuta siioni. Ilikuwa sekunde 30 labda. Nilikaa pale nikalia, mtu mzima, ofisini peke yangu, mlinzi akagonga mlango akauliza kama nimefiwa.

Angalizo moja kutoka kwa yule mwanasaikolojia: ukiyatazama ILI yaondoke, hujayatazama. Unasimama na fimbo. Ubongo unaiona fimbo.

La tatu ni mwili wenyewe. Kuinama. Nilianza na kuinama mpaka magotini mara 5 bila kukaza tumbo na bila kubana pumzi, maana nilikuwa nimefundishwa kujikaza kama napigwa ngumi kila nikigusa kitu. Wiki inayofuata mpaka kwenye vifundo. Halafu ndoo, robo ya maji. Ndiyo, ndoo. Niliifuata ileile. Mkono ulitetemeka kabla sijaishika, na mgongo uliuma KABLA sijainua, nikiwa nimesimama wima naiangalia tu. Hapo ndipo nilipoamini kwa asilimia 100.

Kutoka siku ile hadi kumbeba mtoto nikiwa nimesimama ilikuwa miezi 3 na nusu. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Miaka ilikuwa imepita.

Mgonjwa Mzoefu

Mgongo kuuma kabla ya kuinua. Dah. Huyo ni mimi na gunia.

Mama Pacha

Kaka Kobe asante kwa uzi. Nina maumivu mwezi wa pili sasa, yameshuka mguu wa kushoto mpaka kidole gumba. Tangu juzi nahisi ganzi nikikaa, sehemu ya kukalia na mbele, na haja ndogo inachelewa kutoka, nasukuma. Nimesoma kuhusu msongo nikajiona kabisa maana nina mambo mengi. Naanza na lile la kukaa na kuyatazama au la daftari?

Kobe Mzee (mleta uzi)

Dada yangu, weka simu chini nenda hospitali SASA HIVI. Usitazame chochote.

Mchua Misuli

Mama Pacha, ganzi ya tandiko na mkojo kuchelewa ni kile nilichoandika hapo juu. Nenda idara ya dharura usiku huuhuu, usisubiri kliniki. Waambie maneno hayohayo mawili: ganzi ya sehemu za siri, mkojo hautoki vizuri. Wakikuambia urudi Jumatatu, kaa palepale. Mwenye kumjua amsaidie usafiri.

Tomaso

Haya, hiki ndicho kinachonitisha na nyuzi za namna hii. Mtu na nyoka wa kweli anaambiwa ni unyasi.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Ni kweli, na sina cha kujitetea. Nitaomba posti ya kwanza ihaririwe, dalili za Mchua Misuli ziwekwe juu kabisa kwa herufi kubwa.

Mpiga Ramli Mstaafu

Kuna daktari wa New York, John Sarno, aliyefariki 2017, alikuwa anasema haya tangu zamani. Yeye alisema chanzo ni hasira uliyoifukia bila kujua, ubongo unakuumiza mgongo ili usiione hasira. Mbona hujamtaja mleta uzi?

Kobe Mzee (mleta uzi)

Sikumtaja kwa sababu nusu yake nilimkubali na nusu ilinipotezea muda. Alikuwa na ujasiri wa kuwaambia watu migongo yao ni mizima wakati hakuna aliyethubutu, na wengi walipona kwa kuisikia hiyo tu. Lakini maelezo yake kwamba ubongo unapunguza oksijeni kwenye misuli hayajathibitishwa. Na ile ya hasira iliyofukiwa, nilitumia mwezi mzima nachimba utoto wangu natafuta maiti. Sikuipata. Nilipata babu mkali na mwalimu mmoja mwenye fimbo, kama kila mtu.

Kwangu haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Hofu ya mgongo wenyewe na hofu ya Jumatatu. Wengine humu watakuta ni hasira au ni msiba. Sitaki kumpangia mtu.

Mchua Misuli

Niongeze kuhusu huo utafiti wa Boulder, maana namba 66 ni tamu na utamu hulevya. Waliochaguliwa walikuwa na maumivu ya wastani, si wale wasioweza kutoka kitandani. Na waliochomwa maji walijua ni maji, kwa hiyo matarajio ya makundi hayakuwa sawa. Ni kazi nzuri, ila utafiti mmoja ni utafiti mmoja.

Kilichonipa nguvu zaidi mimi ni jaribio la Australia lililotoka kwenye jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2023, watu 492. Pale wataalamu wa fiziotherapia walichanganya vyote: kuzungumza kuhusu hofu, kumrudisha mtu kwenye mwendo anaouogopa, na mtindo wa maisha. Vikao hadi 7 na kimoja cha kukumbushia. Waliendelea vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida hata baada ya mwaka. Ukimsoma Kobe vizuri, ile ndoo ilikuwa tiba kama ile ya kiti. Mtu asikae tu anatazama maumivu miezi 6 bila kuinama.

Na kuhusu mikanda mitatu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unashauri mikanda isitumike kama tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya aina hii.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Miwili nimeitupa. Mmoja mke wangu anafungia godoro.

Roho Mkononi

Nimefanya haya yote miezi 2, daftari, kukaa, kuinama. Imetoka 7 ikaja 6. Ninyi mnaopona mnaandika nyuzi, sisi tusiopona tunasoma na kujiona hata kupona hatujui.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Mkuu, pole, na nashukuru umelisema. Mimi mwenyewe mwezi wa 5 nilirudi mpaka 8. Baba aliugua, nikalala kwenye viti vya hospitali wiki nzima, nikaanza tena kutembea nimejikaza. Nikajilaumu kwamba nimeshindwa "kutulia". Yule mwanasaikolojia akaniuliza swali moja tu: mwenzako angekuwa na baba mahututi na mgongo unamuuma ungemwambia ajitahidi zaidi? Nikaacha kufanya chochote kwa siku 10, hata daftari. Nilikuwa nimeigeuza tiba kuwa mtihani mwingine wa kufeli.

Sijui kama ndicho kinachokushika. Inawezekana una kitu kingine kinachohitaji jicho la daktari. Ila niambie, hayo mazoezi ya kukaa unayafanya mara ngapi kwa siku?

Roho Mkononi

Mara 6. Kwa kengele ya simu.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Zima kengele. Mara moja, dakika 10, na siku unayojisikia vizuri, si siku mbaya tu. Siku mbaya jifariji kwa chochote kisicho na madhara, maji moto, mziki, kulala. Ubongo unaokaguliwa mara 6 kwa siku unajua kuna kitu cha kukagua.

Mchua Misuli

Na njoo na ripoti zako upimwe upya na mtu mmoja anayekusikiliza. 7 kuja 6 kwa miezi 2 si sifuri, lakini pia si sababu ya kubaki peke yako na simu.

Mama Pacha

Jamani nimerudi. Wiki 3 leo. Niliingia hospitali usiku ule, wakanipiga MRI, diski kubwa ilikuwa imebana mishipa yote ya chini. Nilipasuliwa kabla ya kupambazuka. Mkojo umerudi, ganzi bado kidogo upande mmoja, wanasema itachukua muda. Daktari alisema ningekaa siku 2 zaidi pengine ingekuwa hadithi nyingine.

Sasa nina swali, na msinifukuze. Kovu limepona, wameniruhusu kutembea, mtaalamu wangu kasema niiname. Siwezi. Nikifikiria kuinama mwili unaganda. Hapa je, lile la kiti linaruhusiwa?

Mchua Misuli

Karibu tena, tumefurahi mno. Hapa ndipo linapofaa hasa, maana sasa tunajua nyoka katolewa na ubongo haujapata taarifa. Mwonyeshe mtaalamu wako hii posti. Anza na kuinama ukiwa umekaa, mikono iteleze kwenye mapaja hadi magotini, pumua nje. Mara 3. Akikubali.

Mama Pacha

Mara 3 nimefanya sasa hivi kitandani. Moyo ulikimbia kama nimeiba. Mgongo haukufanya kitu.

Tomaso

Naona haya kurudi lakini nimerudi. Niliondoka humu na hasira, nikanunua daftari ili nije nimuumbue mleta uzi. Wiki 5. Sijapona, msishangilie. Lakini kila Alhamisi nimeandika 8, na Alhamisi ndiyo siku ya kikao cha kazi ambacho nakichukia tangu mwaka juzi.

Jana kaka yangu kaja, tukabishana siasa saa 2 nzima nimekaa kwenye kigoda kisicho na mgongo. Kigoda! Nilikuwa sikikalii dakika 5. Nimekuja kugundua nilipokuwa namsindikiza mlangoni. Nikasema ebu ngoja, mgongo uko wapi? Nikaanza kuutafuta kama unauma, nikaupapasa, nikaugeuza kulia, kushoto. Ukauma.

Kobe Mzee (mleta uzi)

Hahaha! Umeenda kumwamsha mlinzi aliyelala umuulize kama kuna mwizi. Muite kaka yako tena Alhamisi.